Mzee asiyelala usiku



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kofia ya kazi, viatu vya chuma, vumbi na moto. Leo tunataka kusema juu ya hatari isiyopiga kelele: kukosa usingizi, pamoja na mawazo yanayomsumbua mtu usiku wakati amekwisha kuzeeka.

Wengine watajibu: «Hiyo si habari ya usalama. Mzee halali sana, ndivyo alivyo.» Tuanze na neno hilo, maana si kweli. Mtu wa miaka 65 na zaidi anahitaji masaa 7 ao 8 ya usingizi, karibu sawa na kijana. Kinachogeuka ni namna ya kulala. Usingizi wa mzee ni mwepesi. Mlango ukilia, anaamka. Mbwa akibweka, anaamka. Tena saa ya mwili wake inakwenda mbele: jioni anasinzia mapema, na alfajiri yuko macho mbele ya jogoo. Mzee anayelala saa 21 na kuamka saa 4, na mchana ana nguvu na furaha, huyo hana ugonjwa wowote, jamaa wamwache. (Hapa tunahesabu masaa sawa kwenye kadi ya kazi: saa 22 ni saa ine ya usiku.) Mwenye shida ni yule anayetafuta usingizi bila kuupata, usiku tatu ao zaidi katika kila juma, na mchana yake imeharibika: amechoka, ana hasira, anasahau. Hali hiyo ikifika miezi mitatu, waganga wanaiita ugonjwa kamili. Lakini si lazima kungoja miezi mitatu ili kuanza kujisaidia.

Na usalama? Mwaka wa 1997, wataalamu wawili huko Australia, Dawson na Reid, walipima watu waliokaa macho masaa 17 bila kulala. Mikono na akili zao zilitumika vibaya sawasawa na za mtu aliyekunywa pombe mpaka gramu 0,5 katika litri ya damu. Baada ya masaa 24, ilikuwa sawa na gramu 1. Tuwaze sasa juu ya mfanyakazi wa miaka 58 anayeendesha kamio kubwa katika mgodi wa wazi, na usiku uliopita hakupata usingizi. Hakukunywa kitu, kapita hasikii harufu yoyote kinywani mwake, na amepewa funguo. Nyumbani nako, mzee anayeamka gizani na miguu mizito anaanguka kwenye ngazi ao njiani kwa choo. Mfupa wa nyonga ukivunjika katika miaka ya 70, watu wengi hawatembei tena sawa na zamani.

Mwili uliozoea posta

Katika miji yetu ya Lubumbashi, Likasi, Kipushi na Kolwezi, wazee wengi walitumika miaka 20 ao 30 kwa posta tatu: juma hili saa 6, juma lijalo saa 14, kisha saa 22. Mwili wa mtu una saa yake ndani ya ubongo, na saa hiyo inafuata mwangaza wa jua. Mtu akilala mchana juma moja na usiku juma lingine, saa inavurugika. Kijana anavumilia. Mtu aliyepita miaka 50 anavumilia kwa shida, na mara nyingi shida hiyo inabaki hata baada ya kuacha kazi.

Kisha pansioni inafika. Honi ya kazi hailii tena kwake. Hakuna anayetia alama mbele ya jina lake. Asubuhi anabaki kitandani kwa sababu hakuna anayemngoja; mchana anasinzia kwenye kiti chini ya mwembe; jioni hana kitu cha kumchosha. Usiku ukifika, usingizi umekwisha kutumika wote mchana, kama mshahara uliokulwa mbele ya tarehe.

Dawa ya kwanza haina bei. Amka saa ileile kila siku, hata siku ya Mungu, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Toka nje mbele ya saa 8 na ukae kwenye mwangaza nusu saa: mwagilia mboga, fagia lupango, tembea mpaka kwa ndugu yako. Jua la asubuhi linarudisha saa ya mwili mahali pake. Kama ni lazima kupumzika mchana, nusu saa inatosha, mbele ya saa 15. Yule ambaye usingizi unamshika mapema sana, akae nje tena jioni mbele ya jua kushuka, ili saa yake irudi nyuma kidogo.

Mawazo ya usiku

Tusidanganyane: wazee wetu hawana mawazo ya bure. Mmoja anafuata karatasi zake kwa CNSS (zamani INSS) na kila mara anaambiwa arudi. Mwingine ana mashaka juu ya nyumba. Mama mjane analipa minervali ya wajukuu wanne. Mwaka wa 2003 na 2004, watu zaidi ya 10.000 waliondoka Gécamines katika mpango mmoja wa kuondoka kwa hiari. Kati yao wengi walikuwa wametumika maisha yao yote humo, na siku moja wakajikuta bila kadi ya kazi, bila lopitali waliyoizoea, bila jina walilokuwa nalo katika kartiye. Tena kuna mjukuu aliyeacha masomo kwa kwenda kuchimba kwa mikono yake. Babu, aliyetumika shimoni na anayejua namna udongo unavyoanguka wakati wa mvua, anasikiliza mvua ikipiga manjanja na hawezi kulala. Nani atamwambia kwamba anawaza ovyo?

Kwa hiyo neno «usiwaze, Baba» halisaidii. Mtu aliyeambiwa asiwaze, anawaza zaidi, na sasa ana haya juu yake.

Mashaka yakizidi, mwili wenyewe unasema: moyo unapiga mbio, jasho linatoka, shingo na mabega yanakaza, tumbo linavuruga, pumzi inakuwa fupi. Mzee anadhani amepatwa na ugonjwa wa moyo, na woga huo unaongeza mapigo. Mchana kuna kelele na watu. Usiku mtu anabaki peke yake na mawazo yake, na kila kitu kinaonekana kikubwa mara mbili.

Mwaka wa 1983, mtaalamu mmoja wa Marekani, Borkovec, pamoja na wenzake, walijaribu njia ya kushangaza: badala ya kumkataza mtu kuwaza, walimpa saa ya kuwaza. Kila siku, saa moja ileile, mahali palepale, nusu saa. Wazo likija saa nyingine, mtu analijibu: «Ngoja saa yako.» Walioifuata kwa majuma ine mashaka yao yalipungua.

Namna ya kuifanya nyumbani ni hii. Chagua saa 17 ao saa 18, usikawie kupita hapo. Keti kwenye kiti mezani, si kitandani, na kijitabu cha mwanafunzi na kalamu. Asiyejua kuandika amwombe mjukuu wa masomo, ao aseme kwa sauti mbele ya bibi yake, ni sawa. Kila wazo liandike kwa maneno machache. Kisha uliza swali moja tu: kuna kitu naweza kufanya kesho, hata kidogo? Juu ya karatasi za pansioni, jibu ni ndiyo: kesho nitatafuta ile barua ya mwisho ya kazi, nitatengeneza fotokopi mbili, nitamwomba kijana wangu anisindikize siku ya pili. Andika hivyo, na siku yake. Juu ya mjukuu anayechimba, jibu ni nusu: naweza kumwita siku ya Mungu pamoja na mama yake, kumweleza kwamba asiingie shimoni siku ine za mvua kubwa na asichimbe pembeni kwa kufuata mshipa bila miti ya kushikilia udongo. Kumshika mkono usiku, hapana, siwezi. Nalo liandikwe hivyo, waziwazi. Wazo lisilo na jibu linabaki kwenye karatasi, na kijitabu kinafungwa nusu saa ikiisha. Majuma mawili ya kwanza utaona kama mchezo wa watoto. Endelea tu.

Kwa kufungua mwili uliokaza, kuna mazoezi mafupi. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka 4, itoe polepole ukihesabu mpaka 6, mara 10. Kisha kaza ngumi kwa nguvu kwa kitambo cha kuhesabu 5, iachilie. Fanya vile kwa mabega, tumbo, miguu. Mwenye kuumwa viungo asikaze sana.

Kitanda ni kwa kulala

Mzee asiyelala anafanya kosa moja ambalo linaonekana kama akili: anakwenda kitandani mapema ili «autafute» usingizi. Anaingia saa 20, anatoka saa 6. Masaa 10 kitandani, na humo amelala masaa 5 na nusu tu, vipande vipande. Yale mengine anageuka-geuka na kuhesabu madeni. Polepole kitanda chenyewe kinamfundisha kukaa macho: mtu anasinzia vizuri kwenye kiti, lakini akiweka tu kichwa kwenye mto, macho yanafunguka.

Waganga wa leo wanaanza na mafundisho ya kurekebisha desturi hizo mbele ya kuandika vidonge. Mwaka wa 2016 chama kikubwa cha waganga wa Marekani kilishauri hivyo kwa watu wazima wote, wazee pia. Mafundisho yenyewe ni magumu kidogo lakini yanaeleweka. Usiende kitandani mpaka usingizi ukushike kweli, macho yakijifunga. Ukikaa macho kitambo cha karibu robo ya saa mpaka dakika 20, bila kutazama saa ya ukutani, ondoka. Keti pahali pengine, fanya kitu kisichochangamsha, rudi usingizi ukirudi. Rudia hata mara tano usiku mmoja. Kisha punguza masaa ya kitanda: mzee wetu wa masaa 5 na nusu ajiwekee kitanda toka saa 24 mpaka saa 6, basi. Siku za kwanza atachoka sana. Baada ya juma moja ao mawili usingizi unakuwa kipande kimoja, na hapo anaongeza robo ya saa, juma kwa juma. Asishuke chini ya masaa 5 na nusu. Na mtu anayeendesha kamio ao mashine, ao mwenye kifafa, ao anayeangukaanguka, asipunguze masaa bila kusema na munganga.

Msomaji atauliza: katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu wanane, aondoke aende wapi? Ni swali la haki. Haombwi kutoka kwenye nyumba. Kiti kimoja pembeni ya kitanda, blanketi kwenye mabega, tochi ndogo chini, inatosha. Mwili unajifunza tofauti kati ya kiti na kitanda hata ikiwa ni hatua moja.

Hapa lazima tuseme na jamaa. Mzee akionekana usiku ameketi peke yake, ao amesimama mlangoni, ao anasema na nafsi yake, katika kartiye zetu kuna watu wanaoanza kunong'ona: huyu halali, huyu anatoka usiku, huyu ni mulozi. Tumeona wazee kufukuzwa na watoto wao wenyewe juu ya neno hilo, na wengine kupigwa. Ndugu, mzee anayekaa macho usiku ni mtu anayekosa usingizi. Mzee anayepotea ndani ya nyumba yake mwenyewe usiku na asiyejua ni saa gani, huenda ubongo wake unagonjwa, ao ana homa ya ghafula. Apelekwe lopitali kesho yake. Mtoto mdogo akifa katika lupango, tafuteni malaria na maji machafu. Na wewe mzee, mwambie bibi yako na wana wako waziwazi: «Munganga amenishauri niondoke kitandani nikikosa usingizi.» Neno hilo moja likisemwa mchana, mbele ya wote, linazuia mengi.

Vidonge vya sokoni na lutuku

Diazepamu, inayojulikana na wengi kwa jina la Valium, inauzwa kwetu hata kwenye meza za barabarani. Inalaza kweli; ndiyo sababu watu wanaipenda. Lakini mwili wa mzee hauitoi sawa na wa kijana. Kwa kijana wa miaka 20, nusu ya dawa inatoka kwa masaa karibu 20. Kwa mzee wa miaka 80, masaa karibu 90 yanahitajika, ni kusema siku karibu ine. Akimeza kila usiku, kidonge cha leo kinakikuta cha jana na cha juzi bado ndani. Kwa hiyo anayumba mchana, anasahau majina, anaanguka. Baada ya majuma machache mwili unakizoea, na bila kidonge hakuna usingizi tena.

Sikilizeni vizuri neno hili: yule ambaye amekwisha kumeza kila siku kwa muda mrefu asiache kwa ghafula akiisha kusoma makala yetu. Kuacha mara moja kunaweza kuleta kifafa na woga mkali. Vinapunguzwa kidogo kidogo, kwa majuma ao miezi, munganga akifuata.

Lutuku inadanganya zaidi. Kikombe cha jioni kinaleta usingizi haraka, lakini katikati ya usiku pombe ikiisha kutoka katika damu, mtu anaamka na moyo unapiga, na kibofu kimejaa. Anayekunywa lutuku pamoja na Valium anaweza kulala bila kuamka: vyote viwili vinapunguza pumzi. Kahawa nayo ina kawia; nusu ya nguvu yake inabaki mwilini masaa karibu 5, kwa wengine zaidi. Mwenye shida ya usingizi ainywe asubuhi tu, na chai kali vilevile.

Tusisahau mbabula. Mwezi wa 6 na wa 7 usiku ni baridi katika Katanga, na mzee asiyelala anaomba moto chumbani. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, na hiyo inaua jamaa nzima katika usingizi. Pasha moto nje, leta maji ya moto katika chupa iliyofungwa vizuri na kufunikwa kitambaa, ongeza blanketi na soksi. Mbabula hapana, hata dakika moja, hata kama dirisha limefunguliwa kidogo.

Magonjwa yanayojificha

Mara nyingine mawazo hayana kosa. Baba anayeamka mara ine kukojoa, na mkojo unatoka kwa shida, apimwe tezi la chini ya kibofu na sukari katika damu. Anayetumia dawa ya kupunguza maji mwilini aulize kama anaweza kuimeza asubuhi. Kikohozi kinachozidi majuma mawili, hasa kwa mtu aliyetumika katika vumbi la mawe, kipimwe kifua kikuu. Vumbi lile linaharibu mapafu na kifua kikuu kinapenda mapafu hayo. Anayekosa pumzi akilala chali na kulazimika kuketi, huenda moyo umechoka: asingoje. Yule anayekoroma sana, kisha anakaa kimya kama aliyekufa, kisha anashtuka, bibi yake ndiye shahidi mzuri. Aende naye kwa munganga.

Katika nchi yetu kuna jambo jingine. Mtu anayesinzia mchana na kukaa macho usiku, mwenye homa inayokuja na kurudi na tezi zilizovimba nyuma ya shingo, hasa ikiwa alikaa pembeni ya mito yenye nzi wa tsetse, apimwe damu kwa ugonjwa wa malale. Congo ndiyo nchi iliyohesabu wagonjwa wengi zaidi wa ugonjwa huo, na toka mwaka wa 2018 kuna dawa ya vidonge, feksinidazoli.

Na kuna huzuni. Mzee aliyeacha kula, asiyetaka kuona watu, anayeamka saa 3 kila usiku na kusema kwamba amekuwa mzigo, huyo si wa kuambiwa aombe tu ao avumilie. Ni mgonjwa na anatibika. Akisema kwamba afadhali afe, msimwache peke yake, ondoeni vidonge na dawa za shamba karibu naye, na mpelekeni siku ileile.

Mbele ya kwenda kwa munganga, tengeneza kijitabu cha usingizi kwa majuma mawili. Kila asubuhi andika: uliingia kitandani saa ngapi, unadhani ulilala saa ngapi, uliamka mara ngapi na juu ya nini, uliondoka saa ngapi, jana ulikunywa nini na kumeza nini. Mistari miwili kwa siku inatosha. Kijitabu hicho kipeleke mwenyewe, pamoja na vidonge vyote ulivyonavyo nyumbani, hata vile vya sokoni visivyo na karatasi, katika mfuko mmoja, na uviweke mezani mbele yake.